Kabureta ya Mwalimu Onsongo

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa na spana mkononi na haraka kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini. Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea kwisha, na pale Kisii mjini kijana aliyejua kuwasha injini iliyokataa alitazamwa kama mtu aliyesoma. Mimi nilipenda sana kutazamwa hivyo. Ninayotaka kukusimulia leo, kabla hujaenda kuanza kazi yako ya ufundi, yalianzia hapo.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Mzee Rajabu. Mama yake alikuwa Mgusii, baba yake alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya duka la nguo, na ule ua ulikuwa umeinama kama ilivyoinama karibu kila ardhi ya kwetu. Mimi nilikuwa nimetoka Nyamira na Kiswahili cha shule, cha kuomba ruhusa na kusalimia wageni. Hiki ninachokusimulia nacho nilikipata kwake, pamoja na ufundi. Nikikosea neno alinirekebisha namna ileile alivyorekebisha nati niliyoikaza kupita kiasi, bila hata kuinua kichwa.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo alikuja Mwalimu Onsongo, mkuu wa shule moja ya msingi huko mbele ya Nyamache. Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato, mtu wa koti na tai hata kwenye matope. Alikuwa na baiskeli ya injini. Usidhani ni pikipiki hizi unazoziona leo. Ilikuwa baiskeli kweli, ina pedali zake na mnyororo wake, ila imefungwa injini ndogo katikati. Unaendesha kwa miguu mpaka injini ishike, halafu inakubeba. Kabureta yake ya kwanza ilikuwa imepasuka, na alikuwa amepata nyingine iliyotolewa kwenye mashine ya aina tofauti. Aliiacha kwetu pamoja na baiskeli, akapanda kwa miguu kwenda ofisi ya elimu na mkoba wenye fomu za watoto wake wa darasa la saba waliokuwa wanaandikishwa mtihani. Siku ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuzipokea.

Nikueleze kidogo habari ya kabureta, kwa sababu vijana wa sasa mnabadilisha kitu kizima bila kujua ndani mna nini. Chini yake ina kibakuli inamokaa petroli. Ndani ya kibakuli mna kibofu kidogo cha shaba kinachoelea. Petroli ikipanda, kibofu kinapanda nayo, kinasukuma sindano, na sindano inaziba njia. Petroli ikishuka, njia inafunguka. Basi, ni hivyo tu. Lakini kibofu hakiwezi kufanya kazi hiyo kama kibakuli kimelala upande. Kinagusa ukuta, kinakwama, petroli inaendelea kuja na kumwagika nje. Kwenye baiskeli ile kabureta ilivishwa kwenye shingo ya injini, ikabanwa kwa klipu. Kabla hujakaza klipu unaweza kuizungusha kushoto au kulia utakavyo. Kwa hiyo ilikuwa juu ya fundi kuhakikisha imesimama wima.

Mzee Rajabu aliitazama ile kabureta ngeni, akaingiza kidole kwenye mdomo wa kabureta, akasema ni pana kuliko shingo na itahitaji kuvishwa bati jembamba. Aliniagiza niisafishe, nikate bati, kisha nimngoje. Angeifunga mwenyewe akitoka kuswali. Akanawa, akavaa kofia yake, akaenda msikitini.

Nilisafisha. Nilikata bati kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikalizungusha, likakaa vizuri sana. Nilikuwa nalifurahia hivyo Mwalimu Onsongo aliporudi huku anahema. Karani alikuwa amezipitia fomu zote na kukuta mbili hazina alama ya mzazi. Moja ilikuwa ya msichana aitwaye Kemunto, binti wa Mzee Ondieki. Nyingine ilikuwa ya Mogaka, kijana yatima aliyelelewa na nyanya yake. Karani alizipokea zile nyingine, hizi mbili akazirudisha. Zitiwe dole gumba na zifike mezani kwake kabla ofisi haijafungwa saa kumi na nusu. Gari la kwenda Nyamache lilikuwa limeshaondoka asubuhi. Hakukuwa na njia nyingine ila ile baiskeli.

Aliniuliza kama iko tayari. Nikamwambia bado kufunga tu, dakika kumi.

Mwanangu, ningeweza kumwambia angoje. Mzee Rajabu hakuwa mtu wa kukawia, angerudi baada ya nusu saa, na muda ungetosha. Lakini mbele yangu alisimama mkuu wa shule mwenye tai, anayenihitaji mimi peke yangu. Nikachukua spana. Baiskeli ilikuwa juu ya stendi yake hapo uani. Nikaivalisha kabureta, nikapiga magoti, nikaitazama kwa jicho moja nikiwa nimefumba la pili kama nilivyomwona mzee akifanya, nikaona imesimama. Nikakaza klipu. Nikakanyaga pedali, injini ikaitika mara moja, tena kwa sauti nzuri.

Mwalimu aliniangalia, akaiangalia mashine, akauliza, "Fundi ameiona?"

"Ameiona, Mwalimu," nikasema.

Ni kweli alikuwa ameiona. Aliiona mezani asubuhi, ikiwa mkononi mwake. Nilijua vizuri kwamba Mwalimu hakuwa anauliza hilo. Lakini neno lilitoka laini, wala halikunikwaruza. Alinishukuru, akafunga mkoba mgongoni, akaondoka. Mzee Rajabu aliporudi nilimwambia Mwalimu alikuwa na haraka, nikaifunga mwenyewe na ikawaka vizuri. Alinitazama kwa muda, halafu akaniuliza kama niliipima. Nikasema niliipima. Hakuuliza tena.

Yaliyotokea njiani tuliyapata Jumatatu, baiskeli iliporudishwa juu ya lori lililokuwa limebeba ndizi. Mwalimu alishuka nayo, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa cheupe. Alisimulia polepole, bila lawama. Barabara ilipokuwa tambarare alikwenda vizuri, ingawa alisikia harufu. Alipofika kwenye ule mlima mrefu kabla ya Nyamache, injini ikaanza kukohoa, ikazima. Alikanyaga pedali kuiwasha tena, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu moto ukaruka. Petroli ilikuwa imemwagika juu ya bomba la moshi. Aliuzima kwa udongo wa kando ya barabara, kwa mikono mitupu. Mkoba haukuungua kwa sababu ulikuwa mgongoni. Aliiacha baiskeli kwenye boma la watu, akatembea. Alimfikia Mzee Ondieki, akamfikia nyanya wa Mogaka, wote wakatia dole. Lakini wakati huo ilikuwa saa kumi imeshapita, na yeye yuko kwa miguu, mbali na mji. Jua lilipotua Sabato ikamkuta nyumbani, ameketi na fomu mbili zilizokamilika.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuwa amepita ofisini kwanza. Walimwambia majina yamekwisha kupelekwa.

Kisha akasema maneno ambayo hata leo yananiuma. Alisema labda makosa ni yake, huenda alijaza petroli kupita kiasi. Aliponitazama nimjibu, nikasema, "Inawezekana, Mwalimu."

Mzee Rajabu alikuwa amechutama kando ya baiskeli. Mwalimu alituambia kwamba wazazi wamemwita mkutanoni shuleni siku ya Alhamisi. Mzee Ondieki alikuwa anazunguka sokoni akisema mkuu wa shule alizembea mpaka siku ya mwisho, na kwamba binti yake sasa atabaki nyumbani kwa kuwa shule yenyewe imemkataa. Akaaga, akaenda.

Alipotoka, Mzee Rajabu aliokota chupa ya soda, akatia maji nusu, akaziba mdomo wake kwa kitambaa. Aliisukuma baiskeli mpaka kwenye baraza ya duka, penye saruji. Akalaza chupa juu ya saruji, maji yakatulia sawasawa kutoka kitako hadi shingo. Kisha akailaza juu ya kifuniko cha kabureta. Maji yote yakakimbilia upande mmoja.

"Imelala," akasema.

Akafungua kibakuli, akanionyesha kile kibofu cha shaba. Ubavuni palikuwa na alama inayong'aa, mahali kiliposuguana na ukuta. Halafu akaisukuma baiskeli kurudi uani, akaiweka juu ya stendi palepale nilipofanyia kazi. Hapo kabureta ilionekana imesimama wima kabisa. Nikaelewa bila kuelezwa. Ua ulikuwa umeinama, na baiskeli imeinama nao. Mimi nilisimamisha kabureta juu ya baiskeli iliyoinama, kwa hiyo baiskeli iliposimama barabarani, kabureta ikalala. Mwinamo wenyewe haukuzidi vidole viwili.

Nilidhani tumemaliza. Lakini alijifuta mikono, akaketi juu ya sanduku la spana, akaniuliza, "Mwalimu alisema kitu nilichokisikia vibaya, au? Alisema ulimwambia nimeiona."

Mwalimu hakuwa amesema hivyo mbele yangu. Labda alimwambia wakati wanashusha baiskeli kwenye lori.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, Mzee."

Sijawahi kumwona akipaza sauti, na siku ile pia hakupaza. Alisema hivi: "Kukosea kuipima, hilo hata mimi limenipata, na litakupata tena. Hii kabureta utaifungua na kuifunga mpaka maji yatulie. Lakini lile neno ulilosema kwa kinywa changu, mimi siwezi kukunyooshea. Alhamisi utampelekea Mwalimu baiskeli yake. Utaipanda wewe, kwenye mlima uleule. Na mkutano ukianza, utakuwepo."

Niliifunga mara nne. Mara ya nne maji yalitulia, na mzee akaniambia niiache.

Alhamisi nilipanda mlima ule, mwanangu, nikiwa na jasho la kuogopa injini na jasho la kuogopa kufika. Injini haikukohoa hata mara moja. Nilitamani ikohoe. Nilitamani ife njiani nipate sababu ya kurudi. Nilipoona paa la mabati la shule na watu wameketi kwenye nyasi, nilizima na kuisukuma hatua zilizobaki.

Mzee Ondieki ndiye aliyekuwa anazungumza. Alikuwa mtu mrefu, mkulima wa pareto na chai changa, na maneno yake yalikuwa makali bila kelele. Alisema yeye alitia dole siku ileile aliyoombwa. Sasa anataka kujua ni nani aliyemnyang'anya binti yake mwaka. Mwalimu Onsongo alisimama na mkono wake uliofungwa, akaanza kuomba radhi. Hapo nikajua kwamba nikimwacha amalize sentensi ile, sitaweza kusema tena maisha yangu yote.

Nilisimama. Nilisema kwa Ekegusii, maana Kiswahili chote kilikuwa kimenitoka. Nilisema mimi ndiye niliyefunga kabureta vibaya, na Mwalimu aliniuliza kama bwana wangu ameikagua nami nikamdanganya. Nilisema tena kwamba Jumatatu nilimwacha ajilaumu ilhali nilijua. Kisha nikabaki nimesimama kwa sababu sikujua namna ya kuketi.

Mwalimu alikuwa ananitazama, na usoni mwake niliona kwanza mshangao, kisha kitu kama kupumzika. Mzee Ondieki aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba yangu na ukoo wetu kule Nyamira. Akatikisa kichwa.

"Mimi sina la kukuambia," akasema. "Kamwambie msichana mwenyewe. Yuko shambani."

Nilienda. Kemunto alikuwa anachuma pareto, kikapu kiunoni, msichana wa miaka kumi na minne hivi. Nilimweleza yote nikiwa kwenye ukingo wa shamba. Alisikiliza bila kuacha kuchuma, mpaka nilipofika mwisho. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza kama nimeyasema hayo mbele ya baba yake. Nikasema ndiyo, mbele ya wote. Akaweka kikapu chini.

"Basi twende uyaseme tena mimi nikiwapo," akasema, "halafu mimi nimwombe nirudi darasani mwakani. Peke yangu hatanikubalia."

Tukarudi. Nikayasema tena, na mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Msichana akamwomba baba yake. Mwalimu naye akaongeza maneno yake. Mzee Ondieki hakujibu pale. Lakini mwaka uliofuata Kemunto alirudi darasa la saba, akaufanya mtihani, akapita. Mwalimu mwenyewe alishuka mjini kunieleza, akiwa juu ya baiskeli ileile.

Ungedhani hapo ndipo panapoishia, nami kwa miaka mingi nilidhani hivyo. Lakini fomu zilikuwa mbili.

Mogaka hakuwa mkutanoni. Nyanya yake hakuwa na nguvu za kutembea mpaka shuleni, na kijana mwenyewe alikuwa ameshaondoka Jumanne, amefuata vijana wenzake kwenda mashamba ya chai ya Kericho. Niliambiwa hivyo, nikasikitika, nikasema moyoni kwamba habari zitamfikia. Watu wangapi walinisikia nikikiri? Mmoja wao atamwambia. Nikarudi kazini. Nilioa, nikafungua karakana yangu. Mzee Rajabu alifariki, Mungu amrehemu, na mimi nikawa ndiye ninayekagua kazi za wengine.

Ilikuwa kama miaka kumi baadaye, pale Keroka, kwenye kituo cha magari. Nilikuwa nangoja gari la Kisii. Mtu mmoja mwenye koti zito la wavuna chai aliketi kando yangu kwenye benchi, na katika kuulizana nyumbani ni wapi akanitajia kijiji kile na shule ile. Nikamuuliza jina. Akasema anaitwa Mogaka.

Nilimweleza, mwanangu. Pale pale, magari yakipiga honi, wauza mahindi wakitupita. Nilimweleza kabureta, klipu, ua ulioinama, na lile neno "ameiona". Alisikiliza huku anatazama mikono yake, mikono iliyokuwa myeusi kwa utomvu wa majani ya chai. Nilipomaliza aliifuta polepole kwenye koti lake.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani niliandika fomu vibaya. Nilijaza mwenyewe, nyanya hajui kusoma. Nikaona hata jina langu sijui kuliandika, shule ya nini?"

Gari lake likaja, akainuka. Alinipa mkono, akanishika kwa nguvu, akasema ni vizuri amejua. Akapanda. Sikumwona tena.

Basi, mwanangu, sikiliza nikuambie wazi, nisije nikakuacha na hadithi tu. Ukifunga kitu chochote ambacho mtu mwingine atakipanda, kwanza hakikisha pale unaposimama pamenyooka. Jicho lako limeshazoea mteremko wa uani kwako, litakuambia kila kitu kiko sawa. Tafuta maji, tafuta chupa, tafuta mtu mwingine. Nusu saa ya kungoja haijamvunjia mtu heshima. Na ukiulizwa kama mkubwa wako ameiona kazi, jibu lile swali uliloulizwa. Usijibu jingine linalofanana nalo.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usiseme mara moja mahali penye watu wengi ukajiona umemaliza. Hesabu ni nani wote walioumia. Nenda kwa kila mmoja, hata aliyehama, hata asiyekulaumu, huyo hasa. Mimi niliacha nauli ya kwenda Kericho ikae mfukoni, na kijana mwenye akili akaishi miaka kumi akiamini yeye ni mjinga. Kemunto nilimrudishia mwaka wake. Wa Mogaka sikuurudisha, na hakuna spana ya kazi hiyo.

Nenda sasa. Mungu akujalie mikono yenye utulivu na ulimi mwepesi wa kusema kweli. Akupe bwana wa kazi atakayekurekebisha bila kukudhalilisha, na watu utakaowatengenezea vyombo vyao wapande milima yao na kushuka salama, wafike kabla ofisi hazijafungwa. Ubarikiwe, wewe na watakaojifunza kwako.